Sukari ya dukani inapigiwa kelele, ya damuni inavuka mpaka kimyakimya

UCHAMBUZI

Katikati ya mwaka 2023 viwanda vya sukari vya magharibi mwa Kenya viliposimamisha usagaji kwa kukosa miwa iliyokomaa, bei ilipaa na magazeti yakajaa habari hizo. Mwanzoni mwa 2024 ikawa zamu ya Tanzania: mvua kubwa zilivuruga uvunaji wa miwa, sukari ikaadimika madukani, na serikali ikatangaza bei elekezi. Wafanyabiashara wa Namanga, Sirari, Busia na Mutukula wanakumbuka vizuri miezi ile. Kilo moja ya sukari ilikuwa mazungumzo ya kila baraza, kuanzia kijiweni hadi bungeni.

Ipo sukari nyingine ambayo haijapewa ukurasa wa mbele hata siku moja. Hii haisubiri kibali, haina ushuru na haipiti kwa wakala. Ni sukari iliyo ndani ya damu ya mtu mwenyewe anayevusha mizigo. Ikipanda na kushuka ovyo mwaka baada ya mwaka, humaliza macho, figo na miguu. Na mfanyabiashara wa mpakani bila miguu na macho hana biashara.

Tuitazame siku ya kawaida. Mama wa maharage anaamka saa tisa usiku ili awahi gari. Anakunywa chai ya rangi yenye vijiko vitatu vya sukari, hana nafasi ya kula. Saa mbili asubuhi yuko kwenye foleni ya forodha, njaa imemshika, ananunua maandazi mawili na kikombe kingine cha chai. Saa saba jua limewaka, karatasi bado hazijatoka, anakunywa soda ili "apate nguvu". Anapofika nyumbani au gesti saa tatu usiku, anakula mlima wa ugali au wali, kisha analala. Dereva wa lori naye ana ratiba yake: chapati, kinywaji cha kuongeza nguvu, na kwa wengine miraa inayoshushiwa na soda, halafu chipsi usiku wa manane.

Hakuna aliyefanya dhambi hapo. Kila mmoja amekula kilichokuwa mbele yake. Lakini hesabu ya mwili haitazami sababu.

Kwa nini hili ni suala la ukanda mzima

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 24 katika ukanda wa Afrika walikuwa na kisukari, na kwamba zaidi ya nusu yao hawakuwa wakijua. Makadirio ya shirikisho hilo mwaka huo yalikuwa kwamba ifikapo 2045 idadi hiyo ingefika milioni 55. Wengi wao wana kisukari cha aina ya pili, kile kinachojengeka polepole kwa sababu ya urithi, uzito, ulaji, kukaa kitako na umri.

Wale wasiojua ndio wanaotuhusu zaidi. Mtu wa kijijini aliye karibu na zahanati huenda akapimwa siku moja. Mtu ambaye leo yuko Malaba, kesho Kampala, keshokutwa Nimule, hana zahanati yake. Kiu isiyokwisha anasema ni jua. Kukojoa kila mara anasema ni maji mengi. Uchovu anasema ni safari, na ukungu machoni anasema ni vumbi. Dalili zote za kisukari zina maelezo mepesi barabarani, ndiyo maana ugonjwa huu unampenda msafiri. Kidonda cha mguu kisichopona ndicho humfikisha hospitali, na mara nyingi kinakuwa kimechelewa.

Usemi kwamba kisukari ni ugonjwa wa matajiri umepitwa na wakati. Siku hizi vyakula rahisi kupatikana njiani ndivyo vile vinavyopandisha sukari haraka zaidi: unga mweupe, mafuta na kinywaji kitamu.

Mwili unavyopokea mzigo

Mfanyabiashara ataelewa jambo hili upesi kuliko wengi. Chukulia kwamba chakula cha wanga, yaani ugali, wali, mkate, muhogo, viazi, ndizi, kikishameng'enywa kinakuwa sukari iliyopakiwa kwenye damu kama mizigo kwenye malori. Chembe za mwili ni maghala. Kongosho hutoa insulini, nayo ndiyo yenye funguo za maghala. Mizigo ikifika kidogokidogo, milango inafunguliwa, inapokelewa, barabara inabaki wazi.

Ikifika yote kwa mpigo, foleni inajaa. Tuliona Malaba mwaka 2020 wakati wa vipimo vya UVIKO-19, na tena Januari 2022, malori yalivyojipanga kilomita nyingi. Sukari nyingi ikisimama kwenye damu hufanya vivyo hivyo, inaharibu njia yenyewe, yaani mishipa. Kongosho hutoa insulini nyingi kwa pupa ili kuondoa foleni, sukari inashuka, na saa mbili au tatu baadaye mtu anasikia njaa tena na usingizi. Anatafuta soda nyingine. Miaka ikipita, kufuli za maghala zinaanza kugoma na kongosho linachoka. Hapo ndipo kisukari cha aina ya pili kinapoanza.

Kwa hiyo, kula kwa kutuliza sukari maana yake ni kupunguza kasi ya mizigo kuingia barabarani. Si kufunga mpaka. Wanga unabaki, ila unakuja na wenzake na kwa kiasi.

Mwaka 1981 watafiti wa Toronto wakiongozwa na David Jenkins walitoa kipimo cha kulinganisha vyakula kwa kasi ya kupandisha sukari, glukosi ikipewa 100. Mkate mweupe uko karibu na 75. Maharage yako karibu na 30. Vyote viwili vina wanga, lakini wa maharage umefungwa ndani ya nyuzinyuzi na umechanganyika na protini, kwa hiyo unatoka taratibu.

Penye miti hapana wajenzi

Hapa ndipo penye kichekesho chetu. Tazama kilichomo ndani ya magunia yanayovuka mipaka ya Jumuiya kila siku: maharage kutoka Uganda na Tanzania kwenda Kenya, karanga, kunde, choroko, mtama, wimbi. Tazama samaki wadogo: Mwanza na Musoma ni dagaa, Kisumu na Busia ni omena, Uganda ni mukene, Bujumbura ni ndagala, Goma na Gisenyi ni sambaza. Hivi vyote ndivyo vyakula ambavyo mtaalamu yeyote wa lishe angemwandikia mtu anayetaka sukari yake itulie. Anayevibeba, anayevipakia na anayevilipia ushuru wa soko ndiye anayekula maandazi na soda juu ya magunia hayo.

Sababu zake ni za kibiashara kabisa, tusizisingizie ujinga. Maharage yanakula mkaa. Mama lishe wa mpakani akiyachemsha kwa saa mbili, faida inaisha jikoni. Chapati inaiva kwa dakika chache na mteja wa foleni hana muda. Soda haihitaji mkaa kabisa, na kampuni huleta hadi mlangoni, mara nyingine pamoja na jokofu.

Dona nayo ina habari yake. Unga wa dona umesagwa na kiini na pumba, una nyuzinyuzi, unashibisha kwa muda mrefu kuliko sembe. Lakini kiini kina mafuta, hivyo unga huchacha mapema na wauzaji wa jumla hawaupendi. Tena, sumukuvu hujikusanya zaidi kwenye pumba na kiini. Machi 2021, Kenya iliposimamisha kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, wengi walihesabu hasara ya malori tu. Lakini funzo lake la mezani ni hili: dona ni nzuri ikiwa mahindi yalikaushwa vizuri, hayana ukungu na yamesagwa karibuni. Mahindi yenye ukungu hayafai kwa dona wala kwa kingine chochote.

Hesabu ya sahani

Huhitaji mizani wala kitabu. Gawa sahani yako kwa macho. Nusu iwe mboga: sukuma wiki, mchicha, kisamvu, kabichi, mrenda, dodo. Robo iwe chakula cha kujenga mwili: maharage, dagaa, samaki, mayai, nyama isiyo na mafuta mengi. Robo inayobaki iwe ugali, wali, matoke, viazi au muhogo. Wengi wetu tunaigeuza hesabu hii: robo tatu ugali, kijiko cha mboga, mchuzi wa kusukumia.

Mpangilio nao una kazi. Ukianza na mboga na maharage au samaki, kisha ugali ukafuata, sukari hupanda polepole kuliko ukianza na ugali mtupu. Baada ya kula, tembea dakika 10 hadi 15. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu. Dereva anayepanda kwenye kiti mara tu anaposhiba anajinyima dawa isiyouzwa.

Katika yale yapatikanayo mpakani, chagua hivi. Yai la kuchemsha na karanga za kuchemsha au za kukaanga bila sukari vinashinda maandazi. Githeri au makande yenye maharage mengi yanashinda chapati kavu. Rolex ya Uganda, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, si adui ukila moja, ukaomba mayai mawili, nyanya na kabichi ya kutosha na mafuta kidogo. Viazi vitamu vya kuchemsha hupandisha sukari taratibu kuliko vya kuchoma. Ndizi mbichi ya kupikwa iko chini ya ndizi mbivu. Embe au chungwa zima ni bora kuliko juisi yake, kwa sababu juisi imeacha nyuzinyuzi kwenye chujio na imebeba sukari ya matunda matatu kwa glasi moja.

Kuhusu vinywaji, hesabu ni kali zaidi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula kwa siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, ambayo ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Vikombe viwili vya chai ya yule mama wa maharage, vijiko vitatu kila kimoja, vimeshamaliza sita zake kabla jua halijachomoza sawasawa. Soda ya kawaida ya nusu lita ina takriban gramu 50, vijiko kama 12. Hiyo ni siku mbili ndani ya chupa moja.

Asali na sukari guru navyo ni sukari. Uji wa "lishe" uliojazwa sukari nao ni vivyo hivyo. Uji wa wimbi au mtama unafaa ukiwa na maziwa au karanga zilizosagwa, na sukari ikapunguzwa kijiko kimoja kila wiki hadi ulimi uzoee. Ulimi huzoea. Wengi waliopunguza chai tamu wanasema baada ya mwezi mmoja ile ya zamani inawachefua.

Walio kwenye dawa: msiache mlo

Kuna kundi ambalo foleni ni hatari kwao kwa namna nyingine. Mtu anayetumia insulini, au vidonge vya aina ya glibenklamidi, akimeza dawa asubuhi kisha akakwama forodhani bila kula, sukari yake inaweza kuanguka. Dalili ni kutetemeka, jasho jembamba, moyo kwenda mbio, njaa kali, hasira zisizo na sababu na kuchanganyikiwa. Askari au mtu wa foleni anaweza kudhani amelewa. Pombe kwenye tumbo tupu huongeza hatari hiyo.

Hapa, na hapa tu, soda ni dawa. Nusu ya chupa ndogo ya mililita 300, au vijiko vitatu hadi vinne vya sukari kwenye maji, kisha subiri dakika 15. Hali isipobadilika rudia, na ikitulia kula chakula kamili. Aliyepoteza fahamu asipewe kitu chochote mdomoni, apelekwe hospitali mara moja. Dereva akihisi dalili hizi asimamishe gari kwanza.

Anayebeba insulini aiweke mkononi, asiiache kwenye dashibodi wala chini ya turubai. Chupa ambazo hazijafunguliwa hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, bila kugandishwa. Inayotumika inaweza kukaa nje ya jokofu kwa takriban wiki nne ikiwa haipati joto kali. Mtungi wa udongo unaotoa jasho, kivulini, umewasaidia wengi wasio na umeme. Beba pia cheti cha daktari chenye jina la dawa na kipimo chake, kwa sababu afisa wa upande wa pili ana haki ya kuuliza sindano hizo ni za nini, na mfamasia wa mji mwingine atakuuliza hivyohivyo zikikuishia.

Na ambaye hajawahi kupima? Kipimo cha kidole ni cha dakika chache. Kabla ya kula asubuhi, milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, ikithibitishwa kwa kurudia, ni kisukari. Kukiwa na dalili, milimoli 11.1 au zaidi saa yoyote inatosha kumpeleka mtu kwa daktari siku hiyohiyo. Asiyebahatika na majibu asikimbilie chupa za mitishamba zinazouzwa kwenye mabasi kwa ahadi ya kuponya kabisa. Hapo fedha hupotea, na kibaya zaidi, muda nao hupotea.

Wenye mamlaka nao wana zamu

Itakuwa dhuluma kumwachia mfanyabiashara peke yake mzigo huu. Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi wanachama nane, na imefanya kazi kubwa kurahisisha biashara. Kuna vituo vya pamoja vya forodha Namanga, Busia, Malaba, Holili na Taveta, Rusumo, Mutukula. Kuna cheti rahisi cha uasilia kwa mzigo usiozidi dola 2,000, kinachomwezesha mama wa maharage kuvuka bila ushuru wa forodha. Sukari ya mezani kutoka nje ya Jumuiya imewekwa kwenye orodha ya bidhaa nyeti na kutozwa ushuru wa asilimia 100, ili kulinda viwanda na wakulima wa miwa.

Ukiyasoma yote hayo utaona kwamba gunia limefikiriwa na kiwanda kimefikiriwa. Mtu anayelisindikiza gunia hakufikiriwa kwa kiwango hicho. Mambo matatu yangeanza kubadilisha hali.

La kwanza ni muda. Kila saa inayopunguzwa kwenye foleni ni mlo mmoja unaoliwa kwa wakati wake. Tunazoea kupima ucheleweshaji kwa dola za lori, tuupime pia kwa afya ya binadamu.

La pili ni maji na vyoo. Mwanamke anayejua kwamba choo ni kichafu, kiko mbali au kinatozwa fedha kila mara, hunywa kidogo kusudi, au hungoja soda moja ya mchana. Bomba la maji safi na vyoo vinavyofaa upande wa wachuuzi ni tiba ya sukari kabla ya daktari. Pamoja na hayo, halmashauri zinazokusanya ushuru wa vibanda zingeweza kuwapa mama lishe majiko sanifu ya pamoja, ili sufuria moja kubwa ya maharage yaliyolowekwa usiku kucha iive kwa mkaa mchache na ishindane na chapati kwa bei.

La tatu ni vipimo. Miaka ya 2000, janga la UKIMWI lilipofuata njia za malori, kliniki ndogo ndani ya makontena ziliwekwa kando ya barabara kuu, zikifunguliwa saa ambazo madereva wanaegesha. Zilionyesha kwamba msafiri hupimwa huduma ikimfuata alipo. Mashine ya kupima sukari na ile ya shinikizo la damu hazichukui nafasi kubwa kuliko meza. Vituo vingi vya forodha vina chumba cha afya ya bandari kwa ajili ya magonjwa ya kuambukiza. Kupanua kazi yake hakuhitaji mkataba mpya wa Arusha, kunahitaji uamuzi wa wizara za afya na bajeti yake.

Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani, vinavyokutana kila mara na maafisa kuhusu vikwazo visivyo vya kiforodha, viweke jambo hili kwenye ajenda. Kisukari ni kikwazo kisicho cha kiforodha kuliko vyote.

Wakati hayo yakisubiriwa, kuna lililo mikononi mwako leo. Kabla ya safari ijayo, funga kwenye mfuko mayai mawili ya kuchemsha, karanga za kiganja kimoja na chupa ya maji. Chota kibaba cha maharage kutoka kwenye gunia lako mwenyewe, uloweke usiku wa kuamkia safari. Na siku ukiwa mjini mapema, pitia zahanati ukapime. Novemba 14 ni Siku ya Kisukari Duniani na vituo vingi hupima bure, lakini damu yako haingoji Novemba.